Kufunga taa za kazi zenye betri yake kwenye tela: mwongozo kamili

Kila msimu wa mavuno maswali ni yale yale. Taa nne zimefungwa, mbili za nyuma zinawaka hafifu au zinapepesa. Betri mpya haikumaliza msimu. Waya umeyeyuka usiku watu wakipakia mpunga, na waliokuwa juu ya magunia wakaruka gizani. Wengi wanaopatwa na haya hukimbilia kununua taa kubwa zaidi, na hapo mambo huzidi kuharibika, kwa sababu kosa halikuwa kwenye taa. Lilikuwa kwenye unene wa waya, kwenye njia ya hasi, na kwenye fyuzi ambayo haikuwekwa.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: tela la ekseli moja lenye urefu wa mita nne hivi, linalovutwa na trekta au pikapu, taa nne za LED za volti 12, na betri inayokaa kwenye tela lenyewe. Betri ya tela ina maana yake. Trekta likiondoka kwenda kuvuta tela jingine, hili linabaki shambani na mwanga wake, watu wanaendelea kupakia, na hakuna injini inayochoma dizeli bure. Vilevile huamki asubuhi ukakuta trekta haliwaki kwa sababu taa zilinyonya betri yake usiku kucha.

Kama tela lako ni la lori lenye mfumo wa volti 24, hatua hazibadiliki lakini hesabu za ampea zinabadilika. Usinakili namba za hapa.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kutoboa tundu la kwanza

- Taa nne za kazi za LED, wati 27 kila moja, zenye mwanga mpana. Madukani zote huitwa spotlaiti, lakini ziko za aina mbili. Zenye mwanga mwembamba ni za kuona mbali barabarani. Ukizifunga kwenye tela zinakupa doa moja jeupe na giza pembeni. Chagua zilizoandikwa IP67, ambazo vumbi haliingii na maji ya mvua hayapenyi.
- Betri ya sola ya asidi ya volti 12, Ah 100 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba).
- Waya wa shaba wa nyuzi nyingi: wa milimita za mraba 4, mita 7 mwekundu na mita 7 mweusi; wa milimita za mraba 1.5, mita 8 kwa kila rangi.
- Holda moja ya fyuzi isiyopitisha maji, na boksi ndogo ya fyuzi yenye nafasi mbili au zaidi.
- Fyuzi bapa za gari: ya ampea 15 (bluu) na za ampea 7.5 (kahawia). Nunua za akiba kwa kila aina.
- Swichi mbili zilizoandikwa volti 12 DC (yaani umeme wa betri), ampea 20.
- Boksi mbili za kuungia nyaya zenye kifuniko chenye raba.
- Lagi za shaba za duara (vichwa vinavyobanwa kwenye ncha ya waya) zinazolingana na unene wa waya, na mipira ya kusinyaa kwa joto.
- Bomba la plastiki la mikunjo la kufunika nyaya, vibanio vya bati vyenye raba, na raba za matundu.
- Boksi ya betri yenye matundu ya hewa, na mkanda wa kuifungia.
- Boliti, washa za springi, nati zenye plastiki ndani, rangi ya kuzuia kutu.
- Zana: drili, spana, koleo ya kumenyea waya, koleo ya kubania lagi, msasa, na mita ya kupimia umeme.

Vitu vitatu kwenye orodha hii ndivyo vinavyowaangusha watu, kwa hiyo nivieleze zaidi.

Betri. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Ukiinyonya polepole usiku kucha, kisha kesho tena, inakufa mapema hata kama ni mpya. Betri ya sola inavumilia matumizi hayo. Kama una betri ya gari ya N70 ya zamani uliyoitoa kwenye pikapu, itumie kujaribia taa tu.

Waya. Siku hizi kuna waya mwingi wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi, bei yake inavutia, na kwa unene ule ule unapitisha umeme vibaya kuliko shaba halisi. Kwenye lagi hulegea na kuchomeka. Ukiwa Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, omba kipande kifupi, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukibaki na rangi ya shaba mpaka ndani, nunua. Ukiona rangi ya fedha chini ya ngozi nyembamba nyekundu, ni aluminiamu. Uzi wenye rangi ya fedha kwa nje unaweza kuwa shaba iliyopakwa bati. Ukate uzi uangalie katikati. Aluminiamu ni nyeupe mpaka kwenye moyo. Usitumie pia waya mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Tela linatikisika, na uzi mmoja hukatika ndani ya plastiki bila wewe kuona.

Swichi. Swichi ya ukutani iliyoandikwa ampea 10, volti 250 AC, haifai hapa. Umeme wa betri haugeuzi mwelekeo, kwa hiyo cheche inayotokea swichi inapofunguka haizimiki kirahisi. Midomo ya swichi huungua, na siku moja hugandana kabisa, ukashindwa kuzima taa.

## Hatua ya 1: Pima taa, kisha piga hesabu

Usiamini namba ya kwenye boksi. Taa nyingi zimeandikwa wati kubwa kuliko zinazotumia kweli, na chache hutumia zaidi. Iunganishe taa moja kwenye betri kupitia mita iliyowekwa kwenye tundu la ampea 10, usome.

Onyo hapa ni zito. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau pale kisha ukagusa vichwa viwili vya betri ili upime volti, umefanya shoti kupitia mita yako.

Taa ya wati 27 kwenye volti 12 inavuta ampea 2.25. Taa nne ni ampea 9. Betri ya asidi ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani Ah 50, ukitaka idumu. Ah 50 ukigawa kwa ampea 9 unapata muda wa saa tano na nusu. Panga kazi kwa saa tano, maana betri ikinyonywa haraka hutoa pungufu kidogo ya kilichoandikwa. Ukiwasha taa mbili tu, muda huo unakuwa mara mbili.

Umefanikiwa ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: ampea za taa moja, ampea za zote, na muda unaoutaka. Kama muda hautoshi, ongeza betri au punguza taa sasa hivi, kabla ya kutoboa bati.

## Hatua ya 2: Hakikisha unene wa waya kwa hesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Waya wowote hula volti kidogo njiani. Ukiwa mrefu hula zaidi, ukiwa mwembamba hula zaidi, na umeme ukiwa mwingi hula zaidi. Kwa waya wa shaba tumia hesabu hii:

Volti zinazopotea = 0.035 × urefu wa kwenda kwa mita × ampea ÷ unene kwa milimita za mraba.

Namba 0.035 tayari imebeba safari ya kwenda na ya kurudi, usizidishe mara mbili. Lengo ni kupoteza chini ya asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12.

Chukua taa mbili za nyuma: ampea 4.5, umbali wa mita 5. Kwa waya wa milimita 0.75, ambao wengi huununua kwa sababu unaonekana unatosha, unapoteza volti 1.05. Kwa 1.5 unapoteza 0.53. Kwa 2.5 ni 0.32, na ukijumlisha vipande vya mwanzo na mwisho unavuka kikomo. Kwa waya wa 4 ni 0.20. Ndiyo maana mfano wetu unatumia 4 kutoka kwenye betri mpaka nyuma ya tela, kisha 1.5 kwa kile kipande cha mita moja kinachoingia kwenye kila taa.

Sasa angalia kinachotokea waya ukiwa mwembamba. Taa zilizoandikwa volti 9 mpaka 32 zina kirekebishi ndani. Volti zikipungua, kirekebishi huvuta ampea zaidi ili taa ipate wati zake. Ampea zikiongezeka, waya unapoteza zaidi na kupata joto zaidi. Mwisho volti zinashuka chini ya kiwango na taa inaanza kupepesa. Taa za bei ya chini zisizo na kirekebishi zenyewe hufifia tu. Anayebadilisha taa ya wati 27 kuweka ya 48 kwenye waya ule ule anaongeza tatizo lile lile.

## Hatua ya 3: Andaa kikao cha betri

Weka betri mbele ya ekseli, upande wa mkono wa kuvutia. Betri ya asidi ya Ah 100 ina uzito wa kilo 25 mpaka 30. Ukiiweka nyuma kabisa inapunguza uzito kwenye ndoano, na tela linaanza kuyumba nyuma ya pikapu.

Boksi iwe na matundu ya hewa karibu na juu. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi, hupanda na hushika moto kwa cheche ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke swichi wala boksi ya fyuzi ndani ya boksi ya betri.

Kama kikao kinahitaji kuchomelewa, chomelea kabla betri na taa hazijaletwa kwenye tela. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, hasa sehemu iliyoungua.

Kazi imekamilika ukiweza kuishika betri kwa mikono miwili, ukaisukuma kwa nguvu, na isisogee.

## Hatua ya 4: Funga taa

Mbili mbele kwenye pembe, mbili nyuma, kila moja ikiwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama chini na ikiinama kuelekea mahali pa kazi. Taa ikiwa chini kuliko macho inampofusha anayepokea gunia. Mtu huyo hukanyaga pembeni akaanguka. Kama kingo za tela ni fupi, simamisha bomba la mraba kwenye kila pembe.

Tumia washa za springi na nati zenye plastiki. Kaza, elekeza, kaza tena.

Wanaofanya kazi msimu wa mvua wafikirie pia rangi ya mwanga. Mwanga mweupe uliokolea huita kumbikumbi na mbu kwa wingi. Wa njano huwaita kwa uchache. Kwa watu watakaokaa chini ya taa hizo saa tano mfululizo, hilo si jambo dogo.

## Hatua ya 5: Pitisha nyaya

Usiunganishe kitu chochote bado. Lala chini ya tela, tafuta njia iliyo mbali na tairi, springi na ekseli. Waya upite upande wa ndani wa chuma cha fremu, mahali ambapo jiwe linaloruka haligongi na fito zilizoota shambani hazishiki.

Pale inapobidi kutoboa fremu, toboa katikati ya upana wa chuma, kamwe usitoboe kwenye kingo za juu au chini. Kingo ndizo zinazobeba mzigo. Laini tundu kwa msasa, paka rangi, weka raba ya tundu ndipo upitishe waya. Chuma kisicho na raba kitakata plastiki ya waya kidogo kidogo, na siku kitakapofika kwenye shaba ndiyo siku ya shoti.

Nyaya zote ziingie kwenye bomba la mikunjo. Bana kwa kibanio kila baada ya sentimita 30 hivi. Mahali waya unapoingia kwenye taa au boksi, uache ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Ukimaliza, tikisa bomba kwa mkono kutoka mbele mpaka nyuma. Hakuna kipande kinachoning'inia, hakuna kinachogonga chuma.

## Hatua ya 6: Hasi irudi kwenye betri kwa waya wake

Hapa ndipo mafundi wengi wa magari watakuambia hakuna haja: "funga hasi kwenye bodi, inatosha." Kwenye gari jipya wanaweza kuwa sahihi. Kwenye tela, nakusihi usifanye hivyo.

Fremu ya tela imeunganishwa kwa boliti, mabati yenye rangi, bawaba za mlango na kutu. Kila kiungo kati ya hivyo ni kizuizi, na kizuizi hicho hubadilika tela linapotikisika. Leo taa zinawaka vizuri, kesho baada ya mvua zinapepesa, keshokutwa zinarudi. Utabadilisha taa, utabadilisha swichi, na kosa liko kwenye boliti yenye kutu ambayo hata huifikirii.

Kuna hatari nyingine. Kama trekta limeunganishwa na tela lako lina plagi ya indiketa, umeme wa taa zako unaweza kutafuta njia ya kurudi kupitia ndoano na waya mwembamba wa hasi wa plagi ile. Waya ule haukutengenezwa kubeba ampea 9.

Kwa hiyo kila taa iwe na waya mwekundu na waya mweusi, na nyaya nyeusi zote ziishie kwenye kichwa cha hasi cha betri. Za nyuma zikutane kwenye boksi ya nyuma, zije mbele kwa waya mmoja wa milimita 4; za mbele vivyo hivyo kwenye boksi ya mbele. Taa za indiketa na breki za tela ziache na mfumo wake, usizichanganye na huu.

## Hatua ya 7: Fyuzi na swichi

Fyuzi inalinda waya. Taa ikifa, umepoteza taa. Waya ukishika shoti bila fyuzi, betri ya Ah 100 inaweza kumwaga mamia ya ampea ndani yake, plastiki ikawaka moto, na chini ya mpunga mkavu au nyasi za ng'ombe hakuna wa kuuzima.

Fyuzi kuu ya ampea 15 ikae kwenye waya mwekundu, shubiri moja tu kutoka kwenye kichwa cha chanya, nje ya boksi ya betri. Kile kipande cha shubiri ndicho pekee kisicho na ulinzi, ndiyo maana kinatakiwa kuwa kifupi na kufunikwa vizuri. Fyuzi ikiwekwa nyuma karibu na taa, mita zote za kabla yake ziko wazi.

Kutoka fyuzi kuu, waya wa 4 unaingia kwenye boksi ya fyuzi. Hapo unagawanya njia mbili: fyuzi ya 7.5 kwa taa za mbele, fyuzi ya 7.5 kwa taa za nyuma. Kila njia ina swichi yake. Kwa mpangilio huu shoti ya nyuma haizimi mbele, na watu hawabaki gizani wote kwa mara moja.

Kama fyuzi inaungua, usiweke kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya au karatasi ya sigara. Imeungua kwa sababu kuna kitu. Kitafute.

Swichi ziwe mbele, mahali ambapo mtu anafika akiwa chini, na ambapo tawi haliwezi kuziwasha tela likipita vichakani.

## Hatua ya 8: Bana lagi

Menya plastiki kwa urefu wa mdomo wa lagi, usizidishe. Ingiza nyuzi zote. Ukikata hata nyuzi tatu ili ziingie, umechukua lagi ndogo. Bana kwa koleo yake, siyo kwa nyundo wala plaizi. Kisha vuta kwa nguvu zako zote. Lagi iliyobanwa sawasawa haitoki.

Wengine hupenda kulehemu kwa risasi. Kwenye redio ya nyumbani sawa. Kwenye tela, risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika kwa mtikisiko. Bana, vuta, vika mpira wa kusinyaa, pasha moto mpaka ushike kote.

Kusokota nyaya na kufunga tepu kusiwepo popote kwenye kazi hii. Gundi ya tepu hulainika kwa jua, vumbi linaingia, maji yanafuata.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kuunganisha betri

Toa fyuzi zote. Swichi ziwe zimezimwa. Weka mita kwenye kipimo cha ukinzani, gusa waya mwekundu wa betri na waya mweusi wa betri, ambavyo bado havijafungwa. Mita isionyeshe muunganiko. Kisha gusa upande wa kila holda ya fyuzi unaoelekea kwenye taa na bati la fremu, moja baada ya nyingine. Napo pasiwe na muunganiko. Ukiupata, kuna mahali waya umechunika, na ni heri umeupata sasa.

Angalia pia rangi kwenye kila taa: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Baadhi ya taa zina kinga ya kugeuzwa, nyingine hufa papo hapo.

Vua pete na saa ya chuma. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Siku ya kufungua, kinyume chake: hasi kwanza. Sababu ni kwamba spana iliyoko kwenye chanya ikigusa chuma huku hasi imeshafungwa mahali popote panapogusana na bodi, cheche inatokea juu ya betri.

Weka fyuzi kuu, kisha fyuzi moja ya 7.5, washa swichi yake. Ikikaa sawa, endelea na ya pili.

## Hatua ya 10: Pima taa zikiwa zinawaka

Taa kuwaka bado si mwisho wa kazi. Washa zote nne, subiri dakika kumi, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri. Pima tena kwenye viungio vya taa ya nyuma iliyo mbali kuliko zote. Toa moja kwa nyingine.

Tofauti ikiwa chini ya volti 0.4, umefanya kazi nzuri. Ikiwa 0.6 au zaidi, kuna kiungo kibovu au waya si shaba. Ili ukipate, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, taa zikiwa zinawaka. Kiungo kizuri kinaonyesha karibu sifuri. Kile kinachoonyesha volti 0.2 au 0.3 ndicho cha kufungua na kubana upya.

Pitisha mkono juu ya holda ya fyuzi, swichi na lagi. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Kama huwezi kuendelea kukishika, hakikubaliki.

Mwisho zima swichi zote, weka mita ya ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Isome 0.00. Ikisoma chochote, kuna kinachonyonya betri tela likiwa limelala.

## Hatua ya 11: Kuchaji

Betri ya asidi iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuzima taa. Ikifika 11.8 umeshaiumiza. Andika namba hizi tatu kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi ili dereva yeyote azione.

Paneli ya sola ya wati 100 inatoa ampea 5 hivi jua likiwa kali. Kwa siku nzuri unapata Ah 25 mpaka 30, kwa hiyo Ah 50 ulizotumia usiku zinarudi kwa siku mbili. Kama mnafanya kazi kila usiku, weka paneli mbili, au chaji kwa umeme wa nyumbani mchana.

Kontrola ya chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji, lazima iwepo. Funga betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Kufungua anza na paneli. Kontrola nyingi husoma volti ya betri ili zijue ni mfumo wa 12 au 24, na ukianza na paneli unaweza kuidanganya. Kati ya kontrola na betri, kama paneli ni moja, weka fyuzi ya ampea 10 (nyekundu), nayo karibu na betri.

Ukinunua betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti, utapata nafuu ya uzito na unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji yake. Lakini volti zake za kupumzika ni tofauti na hizo za juu, na kontrola lazima iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu.

## Dalili na mahali pa kuanzia

Taa za nyuma zinapepesa, za mbele ziko sawa: anzia boksi ya nyuma, lagi ya waya mweusi. Zote nne zinapepesa: vichwa vya betri au holda ya fyuzi kuu. Fyuzi inaungua tela likipita kwenye matuta tu: waya umechunika mahali na kugusa chuma, fuata matundu yote ya fremu. Taa moja haiwaki: pima volti kwenye viungio vyake, zikiwepo 12, taa imekufa, zisipokuwepo, rudi nyuma kuelekea kwenye boksi. Taa ina ukungu ndani ya kioo: raba yake imepasuka, badilisha kabla maji hayajafika kwenye LED.

## Barabarani na baada ya hapo

Tela likiingia barabarani zima taa zote nne, hasa za nyuma. Mwanga mweupe unaoelekea nyuma unampofusha dereva anayekufuata, na hawezi kujua kama unaenda au unakuja. Indiketa, taa nyekundu na viakisi vya tela ndivyo vya safari.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, kaza upya boliti za taa na vichwa vya betri. Mtikisiko wa shamba hulegeza hata kilichokazwa vizuri. Safisha unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa kwa maji yenye magadi, suuza, kausha, paka grisi kidogo juu ya lagi iliyokwisha kukazwa.

Msimu ukiisha, jaza betri mpaka 12.7, fungua waya wa hasi, ihifadhi mahali pakavu. Pima mara moja kwa mwezi, na ikishuka chini ya 12.4 irudishe kwenye chaja siku hiyo hiyo.